Matibabu ya Mkunga Wetu

Siku moja ya ujana wangu, mwanangu, haijanitoka mpaka leo. Nilikuwa muuguzi mpya hapa hapa Pangani nilikozaliwa, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo. Wafanyakazi tuliitwa mkutanoni kuhusu mfuko wetu wa matibabu. Jambo lilikuwa hili hili mnalobishania leo: tukatwe zaidi kidogo kwenye mshahara, ili mtu akistaafu aendelee kutibiwa, au kila mzee ajijue mwenyewe?

Nilisimama wa kwanza. Nikasema sisi vijana hatuumwi, magonjwa ya wazee tuyabebe ya nini? Wenzangu wakanipigia makofi, nami kichwa kikavimba. Ujana bwana, acha tu.

Nyuma alikaa Bi Mwanaisha, mkunga mkuu, yu karibu kustaafu. Sukari ilikuwa imemwandama, na dawa zake zilitoka kwenye mfuko huo. Akiondoka kazini, na dawa basi. Sote tulilijua hilo. Aliinuka taratibu, wala hakupandisha sauti.

"Wewe nilikupokea mimi ukizaliwa," aliniambia, "tena ulitanguliza miguu, ukatutoa jasho. Ulikuwa hujachangia hata senti. Nilikuuliza una faida gani?"

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Waliosema usitukane wakunga na uzazi ungalipo hawakukosea, nami nilimtukana wangu mwenyewe mchana kweupe. Tulipoambiwa wanaokubali makato wanyooshe mikono, wangu ulikuwa juu na ya wengi. Bi Mwanaisha alitibiwa na mfuko ule mpaka Mola alipomchukua.

Sasa nawasikia kivukoni mkivutana juu ya kikokotoo, hiyo hesabu ya mafao ya kustaafu, na bima ya afya kwa wote, na kuna anayesema pensheni ni mambo ya wazee. Loo! Uzee, mwanangu, haupigi hodi.

Sikwambii ukubali kila unaloletewa. Nenda mkutanoni, uliza fedha zinakaa wapi, na mwenye kuzila abanwe, maana makato ni jasho lako. Lakini usitake nafuu yako kwa kumnyima mzee dawa. Kwenye benchi lile la wagonjwa utakaa wewe, tena si mbali.

Mola akufikishe uzeeni salama, mwanangu, na siku yako ikijadiliwa ukumbini, ukute vijana wa kukunyooshea mkono. Amin.