Shawa Niliyoinunua Bila Hema Lake

Kosa ni langu. Naanza hivyo nisije nikajitetea katikati, maana najijua. Mimi ni mtu wa maneno mengi, na maneno hayohayo ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Nina basi dogo la zamani. Nimeng'oa viti, nimeweka godoro na jiko la gesi, nawapeleka wageni kulala ufukweni, huku kwetu Kyela. Wageni wanalipenda ziwa, ila mchanga ukishawaganda wanataka kuoga. Ndipo nikaanza kutafuta shawa ya kubebeka.

Nilikuta za aina mbili. Moja ni mfuko mweusi: unaujaza maji, unautundika juani yapate moto, yanashuka yenyewe kimyakimya. Huo uliuzwa pamoja na hema jembamba la kuogea, lenye zipu. Nyingine ilikuwa ya pampu. Unaitumbukiza kwenye ndoo, unachomeka kwenye betri ya gari, maji yanaruka kwa nguvu! Hiyo haikuwa na hema.

Mke wangu alisema tuchukue ya mfuko, maana alitaka kujua yeye ataogea wapi. Nikachukua ya pampu, nikamwambia hema nitalinunua pembeni. Sikulinunua. Siku ya kwenda kuijaribu akauliza tena. Nikamjibu hema lipo, chini ya godoro. Uongo mtupu!

Ili mnielewe, lazima niwaeleze kuhusu baba yangu. Kwetu Wanyakyusa, kwa mila ya zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Akipita huyu, yule anajificha. Wengi siku hizi wameacha, ila mzee wangu hajaacha, na mke wangu, binti wa kijiji cha Ngana, alilelewa hivyohivyo.

Tunaishi jirani na mzee, pale Ngonga. Ni mjane. Tangu nioe, mke wangu ndiye anayempikia. Anaacha sufuria kwenye kigoda barazani kwa mzee, anaondoka, ndipo mzee anatoka. Naye akija kuirudisha hukohoa tangu mbali na kupiga kengele ya baiskeli, ili mwenzake apate kuingia ndani. Sufuria haikuwahi kurudi tupu. Mara ndizi, mara machungwa. Anaiweka mlangoni, anasema "Ndaga fijo," asante sana, anaondoka zake. Hawajawahi kutazamana usoni, lakini sijaona watu wanaopendana kama wale wawili.

Siku ile nilimwita mzee aje ufukweni mchana alione gari. Mke wangu angekuwa sokoni kununua vyungu vinavyoletwa kwa mtumbwi kutoka Ikombe. Ndivyo nilivyozoea kupanga mwenyewe, mmoja akija mwingine hayupo, wala mke wangu sikumwambia kuwa mzee anakuja.

Lakini mke wangu alirudi mapema. Vyungu havikuwa vimefika, na njia ya majaruba ya mpunga ilikuwa imempaka tope hadi magotini. Akataka kuoga. Nikafurahi kama mjinga! Nilitaka awe wa kwanza kuijaribu pampu yangu. Mzee alinitoka kabisa kichwani.

Akauliza hema. Nikasema upepo ni mkali, halitasimama. Nikafunga kitenge kati ya mlango wa nyuma wa gari na mchikichi, nikamwahidi nitalinda njia. "Usiondoke hapo," akasema.

Niliwasha pampu. Ilinguruma kama mashine ya kukoboa mpunga. Maji ya ndoo yakaanza kwisha, basi nikachukua ndoo ya pili, nikakimbilia ziwani. Mara moja tu, nilijiambia.

Nikiwa nimeinama majini, nikaona baiskeli inatoka majarubani. Mungu wangu! Mzee.

Alisimama. Niliona mabega yake yakitikisika: alikuwa anakohoa. Niliona mkono wake kwenye kengele. Akangoja. Akakohoa tena, akangoja tena. Nami nilikuwa mbali, sikusikia kitu isipokuwa pampu. Na mke wangu, aliyekuwa pale pembeni ya pampu, angesikia nini?

Mzee akaanza kusukuma baiskeli. Kwa nini asije? Mimi mwenyewe nilimwambia mkwewe hayupo.

Nilitupa ndoo, nikakimbia. Mchanga ule haukimbiliki! Nilipaza sauti nikimwita baba kwa Kinyakyusa, "Tata, simama!" Akadhani namkaribisha, akainua mkono, akaongeza mwendo. Nilikuwa nimekaribia kumfikia upepo wa ziwani ulipokibeba kitenge.

Mke wangu aligeuka. Alichuchumaa akajikunja, na maji yakiendelea kumwagika juu yake. Mzee aliiachia baiskeli ikaanguka, akajifunika uso kwa koti, akaondoka akijikwaa katikati ya mpunga wa watu, wala si kwenye njia.

Mke wangu akajifungia ndani ya gari. Nilizima pampu, nikasimama mlangoni. Kutoka ndani alisema neno moja tu.

"Ulisema hema lipo."

Mila ilikuwa imevunjwa, basi wazee wa pande zote mbili walikaa kikao. Walimuuliza kwa nini mwanamke aliyefundwa aoge peupe, mahali anapopita mkwewe. Nilijua sasa atanitaja, na ilikuwa haki yake.

Alisema, "Nilijisahau."

Alinifichia aibu! Nami mwanaume mzima nikaangalia sakafu. Wakamkaripia mbele yangu, akaomba radhi, wakasema yamekwisha.

Hayajakwisha. Mzee hana hasira, ana haya. Hapiti tena kwetu, anazunguka kwenye mikakao. Sufuria inarudishwa na jirani, chakula kimo vilevile, hakijaguswa. Mke wangu anaifunua, anaangalia, anaifunika. Mzee anajipikia, na amekonda.

Nyinyi mnaochagua shawa za safari, nisikilizeni mimi niliyeungua. Msianze na nguvu ya maji. Ulizeni kwanza nani ataoga, nani atapita, na anayeoga atamsikia anayekuja? Mwenzio akiomba hema, nunua hema. Na ukishadanganya, usimwachie mwingine aubebe uongo wako.

Hema nimelinunua. Liko chini ya godoro kweli sasa, na mke wangu hajalifungua.

Leo amepika tena wali wa mzee, ameufunika. Nimemwambia aniachie, sufuria nitaipeleka mimi. Nitakohoa tangu mbali. Mzee akitoka, nitamwambia nani alijisahau.