Mchezaji wa Ufaransa Aliyebeba Magodoro

Siku ile tulikuwa watano sebuleni kwetu Tooting, London: mimi, wadogo zangu Neema na Baraka, shangazi Rehema aliyekuwa bado na sare yake ya kulea wazee, na Bahati, jirani wa ghorofa ya chini, aliyenuka dawa ya kuchua misuli hadi harufu ya sukuma wiki ikapotea. Wazazi wake walitoka Bukavu, Kongo, yeye akazaliwa Ufaransa, na alidai kwamba anaichezea nchi hiyo raga. Sasa alitaka kumpeleka Baraka mazoezini kila Jumamosi. Mimi, niliyeacha shule mama alipofariki ili wadogo zangu wasitawanywe, nilimkagua kama samaki wa sokoni. Mchezaji wa taifa gani hushinda akibeba magodoro ya duka la samani? Kikulacho ki nguoni mwako. Tena ushahidi ulikuwa mbele yetu: Ufaransa ilikuwa ikicheza raga kwenye televisheni wakati ule ule, naye amekaa kwenye kochi letu anakunywa chai.

“Mbona hauko huko?” nilimwuliza.

“Ile ni raga ya watu kumi na tano, mama mukubwa. Yetu ni ya kumi na tatu. Ni muchezo ingine.”

“Na hao wawili mmewaficha wapi?”

Shangazi alicheka hadi chai ikamwagika. Mimi sikucheka. Nilikataa, na Baraka akajifungia bafuni akipiga kelele kwa Kiingereza kwamba mimi si mama yake.

Neno hilo lilinichoma. Ufaransa ya watu kumi na tatu ilipokuja kucheza London, nilikwenda peke yangu kuhakikisha. Nilimwona kwa macho yangu, jezi ya buluu, jogoo kifuani, akiangushwa na kuinuka, akiangushwa na kuinuka, mbele ya watu wachache waliojikunyata kwa baridi. Jumatatu nilimkuta kwenye ngazi, jicho limevimba, godoro mgongoni. Kumbe yote mawili yalikuwa kweli. Baraka akaruhusiwa, ila nami nilikaa kando ya uwanja nikitazama.

Leo goti la Bahati limemstaafisha, anaishi kusini mwa Ufaransa, na Baraka ni baba wa watoto. Bahati ameomba mtoto mkubwa wa Baraka akakae kwake likizo hii. Baraka amekubali. Mimi nimeuliza ni nani mwingine anayeishi nyumba hiyo. Wiki aliyohamia pale chini, Bahati alisafiri, kumbe na timu, akaniachia funguo zake kabla hata hajalijua jina langu vizuri. Deni la imani ile bado sijamlipa.