Hina ya Kumaliza Darasa

Bi Hasina wa Mwabungo amepaka hina mikono ya mabibi harusi wengi kuliko anavyoweza kukumbuka, na wengine wao sasa ni nyanya. Alifundishwa na shangazi yake alipokuwa na miaka kumi na miwili, mara tu alipoachishwa shule darasa la tatu. Ana macho ya kucheka na mkono usiotetemeka. Ukienda kwake na haraka zako atakwambia utulie, kwa sababu hina ikishashika hairudi nyuma. Ua likienda upande, bibi harusi ataenda nalo hivyo hivyo mpaka lifutike lenyewe.

Ndiyo maana aliogopa vishikwambi.

Darasa lilikuwa nyuma ya zahanati, chumba kimoja chenye feni moja na madirisha yasiyofungika vizuri. Mfuko wa serikali wa kufunza wananchi teknolojia ulikuwa umeleta vishikwambi kumi, mtandao na mwalimu, binti mpole kutoka Mackinnon Road aitwaye Kahaso. Wanafunzi walikuwa akina mama ishirini na wawili: wauza samaki, washonaji, wasusi wa mikeka, na Bi Hasina. Wiki ya kwanza nzima alikaa na kidole hewani, hakigusi chochote.

"Bonyeza tu, Bi Hasina," Kahaso alimwambia.

"Nikikosea je, mwanangu?"

"Ukikosea unafuta. Hebu ona hapa." Akabonyeza, na neno zima likatoweka.

Bi Hasina alikitazama kile kitufe cha kufuta kana kwamba ni jamaa aliyepotea miaka mingi. Tangu siku hiyo hakushikika. Aliandika, akafuta, akaandika tena, huku akicheka peke yake. Mumewe Matano, fundi wa baiskeli, alilalamika kwamba siku hizi mkewe anamtumia ujumbe wa kumuuliza atakula nini, ilhali wamekaa ukumbi mmoja. Alilalamika hivyo kwa kila mteja, na kila mteja akaonyeshwa huo ujumbe. Mwezi wa tatu wa masomo picha za hina zake zilikuwa mtandaoni, na wageni wa hoteli za Diani wakaanza kumpigia simu. Nafurahi kusimulia hili, maana niliwasikia waliosema mama wa umri ule anapotezewa muda.

Lakini fedha za umma hazitoki bila masharti. Mfuko ule ulitaka uthibitisho kwamba waliosoma ni watu wa kweli, si majina ya kubuni. Siku ya kwanza kila mama aliweka kidole kwenye kifaa, kikamsoma. Siku ya mwisho alipaswa kukiweka tena. Wakipatikana ishirini, darasa lingefadhiliwa mwaka mwingine. Wakipungua, vishikwambi vingefungwa kwenye masanduku vipelekwe kwingine, na Kahaso arudi kwao. Kahaso alilieleza jambo hilo zaidi ya mara moja. Akina mama walilisikia. Walichokisikia zaidi ni kwamba siku ya mwisho kutakuwa na vyeti, mgeni na picha.

Sasa, mwanamke wa pwani haendi kwenye sherehe yake na mikono mitupu. Siku moja kabla, Kahaso akiwa Ukunda kuchapisha vyeti, Bi Hasina aliwaita wenzake wote nyumbani baada ya sala ya alasiri. Alitandika mikeka uani, akaandaa hina na piko, ile rangi nyeusi, akapika kahawa chungu na kaimati. Hakutaka malipo. Amepaka watu kwa ndoa na kwa Idi, lakini hajapata kumpaka mwanamke kwa sababu amesoma. Aliwachora viganja, akapanda na maua mpaka kwenye vifundo, kisha akafanya kama afanyavyo kwa bibi harusi: akazifunika ncha za vidole vyote kumi kwa piko mpaka zikawa nyeusi ti. Alipomaliza, rafiki yake Mbodze akampaka yeye, vibaya kidogo, naye akashukuru.

Asubuhi afisa wa mfuko alifika. Aliitwa Abdurahman, kijana mwenye shati lililopigwa pasi na adabu za nyumbani. Aliwaamkia shikamoo mama zake mmoja mmoja, kisha akaweka kifaa mezani.

Mbodze akaweka kidole. Kifaa kikalia mlio wa kukataa. Akaweka kingine, kikakataa. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Abdurahman akakifuta kioo kwa kitambaa, halafu akavitazama vile vidole.

"Mama zangu," akasema taratibu, "hii piko imeziba alama zote. Mashine haioni kitu."

Walikimbilia bombani. Walisugua kwa sabuni, kwa limau, kwa mchanga, na mmoja akaleta mafuta ya taa. Piko ya Bi Hasina si ya mchezo. Ilizidi kung'aa.

Bi Hasina alikaa kwenye benchi, mikono ameificha ndani ya leso. Maisha yake yote watu walimsifu kwa rangi isiyotoka. Leo angetoa chochote itoke. Alimwona Kahaso amesimama karibu na boksi la vyeti, midomo imekauka, wala hakumlaumu mtu. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Ni mimi niliyeharibu," alisema. "Mwanangu Abdurahman, niandike mimi tu mkosaji, hawa uwapitishe."

"Laiti ningeweza, mama. Lakini iko njia." Abdurahman akavuta kiti. "Sera inasema kidole kisiposomwa, mwanafunzi anaweza kupeleka ombi kwenye tovuti, na picha yake na kitambulisho. Ila lazima alipeleke mwenyewe. Mimi siruhusiwi kugusa, wala mwalimu. Na tovuti inafungwa leo saa kumi na moja."

"Kuna darasa lililowahi kufanya hivyo?" Kahaso akauliza.

"Mimi sijaliona bado," akajibu.

Basi mwalimu na afisa wakatoka nje, wakaketi kwenye baraza ya zahanati, na akina mama wakabaki na mashine. Kilichofuata humo ndani kilikuwa na kelele za soko. Wengine walipiga picha za dari. Mmoja alijipiga na jicho moja limefumba mara nne mfululizo. Waliojua wakawaelekeza wasiojua kwa mdomo, na kila mtu akabonyeza kwa kidole chake cheusi. Kufikia alasiri, maombi kumi na tisa yalikuwa yamekwenda. Mama mmoja alikuwa ameacha kitambulisho kwa dadake Msambweni. Mwingine alijisajili kwa laini ya mumewe, na mumewe alikuwa Mkwiro na simu yake, kwa hiyo nambari za siri, ambazo tovuti hutuma kwa simu kuthibitisha ombi, zilimfuata huko huko.

Akabaki Bi Hasina. Alikuwa amekataa kukaa mbele ya kishikwambi mpaka wenzake aliowaharibia wamalize. Sasa darasa zima lilikuwa linamtegemea yeye, na saa ilikuwa kumi na nusu.

Aliketi, akafunga leso vizuri, akajipiga picha macho wazi. Akaweka kitambulisho. Akaingiza nambari za siri bila kukosea. Kisha likatokea lile sanduku la mwisho: Eleza kwa maneno yako kwa nini kidole hakikusomwa.

"Andika hina," Mbodze alimnong'oneza. "Sote tumeandika hina tu."

"Niache nieleze, Mbodze."

Akaandika. Akafuta, akaandika tena. Dakika zilikwenda na hakuna aliyethubutu kumharakisha, maana walimjua. Mwishowe akaangalia kitufe cha kutuma, ambacho alijua fika kwamba baada yake hakuna kufuta. Akasema bismillahi, akabonyeza.

Siku tisa baadaye alimkuta Kahaso darasani akivipangusa vishikwambi, visije vikaondoka na vumbi la Mwabungo. Ujumbe ulikuwa umeingia kwenye simu ya Bi Hasina, na hakutaka mtu amsomee. Aliusoma mwenyewe kwa sauti, neno kwa neno, kama msomaji wa darasa la tatu aliyerudi baada ya miaka arobaini na mitano. Maombi ishirini yamekubaliwa. Darasa litaendelea. Chini yake walikuwa wameambatanisha maelezo aliyoyatuma, naye akayasoma pia, kwa sababu alikuwa hajui pa kuishia:

"Wenzangu wote ishirini na mmoja nimewapaka mimi. Hawana kosa. Sikujua kwamba mashine haipendi piko. Nilipaka kwa furaha kwa sababu tumesoma."

Kahaso alikiweka kitambaa chini, akavuta benchi mbele ya Bi Hasina, akanyoosha mikono yake yote miwili. Ilikuwa mitupu, kwa kuwa siku ile ya hina yeye alikuwa Ukunda.

Bi Hasina alimtazama, macho yamejaa maji na kicheko pamoja.

"Kwanza niambie, mwanangu. Kesho kuna anayekitaka kidole chako?"

"Hakuna, Bi Hasina. Mpaka mwezi ujao, darasa likifunguliwa tena."

"Haya, tulia basi," akasema, na akaanzia kwenye ncha za vidole.