Mzee wa Viti vya Msibani

Mzee aliyekuwa akikodisha maturubai na viti vya msibani mtaani kwetu, Mbagala, alifariki dunia wiki iliyopita. Nilisoma habari hiyo kwenye kundi la simu la mtaa, na jambo la kwanza nililojiuliza, Mungu anisamehe, ni nani sasa atafunga turubai la msiba wake. Ndivyo nilivyo. Chuo kikuu kilinifundisha kuuliza maswali, kikasahau kunifundisha wakati wa kunyamaza.

Mzee huyu alikuwa na kazi nyingine isiyo na ujira. Mtu akitoka jela, ndugu wakamkwepa, yeye alimchukua na kumpeleka kwenye msiba wowote uliokuwepo, abebe viti, achote maji, ashike chepeo makaburini. Uswahilini kwetu asiyeonekana misibani hatambuliki, na aliyekuja kuzika hafukuzwi. Siku moja nilimkuta akifunga kamba na kijana aliyekuwa amefungwa kwa kuvunja duka. Nikamsogelea na sosholojia yangu. "Shikamoo mzee. Hivi kuna ushahidi wowote kwamba jambo hili linasaidia?" Akanijibu bila kugeuka: "Marahaba. Ushahidi ni wa mahakamani, mwanangu, na huyu huko ameshatoka. Shika nguzo hiyo." Nikashika. Mara dada mmoja wa wafiwa akamtambua kijana. "Wewe si ndiye ulivunja duka la mjomba? Umefuata nini kwetu?" Kijana akaachia kamba. Mzee akasema taratibu, "Amekuja kuzika, mama." Dada akanyoosha kidole nyuma ya nyumba, akasema, "Basi sufuria za kuosha ziko uani." Nikamnong'oneza mzee kwamba huo ni ujanja tu, kumpitisha mtu mgongoni mwa maiti. "Ni ujanja," akakubali. "Wewe una mwingine?" Sikuwa nao. Nilikuwa na tasnifu.

Siku ya mazishi yake nilikuwa nimekaa, nikitafakari kifo kwa kina, wakati wenzangu wakipanga viti. Akaingia mwanamume mwenye kifurushi cha nguo. "Nimetoka jela leo," akasema. "Wenzangu huko ndani wameniambia nikifika hapa nimuulizie mzee wa viti." Akajibiwa, "Ndiye tunayemzika." Akaganda kama aliyeshushwa kituo kisicho chake, halafu akageuka aondoke. Swali la kosa lake lilikuwa limeshanifika mdomoni. Nikalimeza, nikamwambia, "Braza, nisaidie viti hivi." Ili nionekane mzoefu, nikabeba rundo zima, likanimwagikia miguuni. "We msomi, utatuongezea msiba!" mtu akapaza sauti. "Mwachie mgeni!" Watu wakacheka, na mgeni naye akacheka, akaviokota. Jirani mmoja akashika upande wa pili wa rundo, wakaondoka nalo wakiongea.

Sijui alifungwa kwa lipi, wala sijui kama atatulia. Huenda akatuibia viti hivyo hivyo. Lakini anayetoka jela hawezi kusubiri mlangoni mpaka sisi wasomi tumalize mjadala juu yake. Anahitaji mtu mmoja wa kuingia naye mbele za watu siku ile ya kwanza, hata kama mtu huyo haamini sana. Mimi bado siamini sana. Kesho kuna msiba mtaa wa pili, na nimeshamwambia mgeni yule kwamba nitampitia asubuhi.