Kisiwa Alichokwenda Asaad

Tangu mwaka tisini na sita, bahari katika ukoo wao ilikuwa mali ya Khelef. Alikwenda Unguja wiki mbili kuwaona mashangazi, akarudi Oman na mchanga kwenye ndara na hadithi isiyokwisha. Kila Ijumaa, nyumbani kwa mama yake Nizwa, wali ukishaliwa, watu walijua kinachokuja: maji yale, bwana, umesimama yamekufika kifuani na kucha za miguu unaziona. Kila mwaka maji yakazidi usafi. Ilibaki kidogo tu yatiwe chupani yauzwe.

Halafu Asaad, mtoto wa ami yake, akapelekwa Amerika na kampuni kwa mafunzo. Likizo ilipofika akamchukua mkewe Tahira, wakaenda kisiwa kimoja huko bahari ya Karibi, kidogo, hakina hoteli wala kibanda cha soda. Khelef alizipata khabari hizi kwa simu, akalirudisha tonge sahanini.

"Kwani hapa kwetu Sur hapana bahari?" akamuuliza mkewe, Ghanima. "Kasa hawapo? Mpaka mtu apande ndege mbili?"

"Wewe Sur umekwenda lini?" akasema Ghanima.

Ijumaa ikafika. Asaad akaingia majlisi, chumba cha wanaume, pua imebambuka kwa jua, bahasha ya picha inachungulia mfukoni mwa kanzu. Watu wakasogea.

Sasa, Oman mgeni huulizwa khabari, naye hujibu hakuna khabari, salama tu, hata kama nyuma yake nyumba inaungua. Ndiyo adabu. Khabari zenyewe hutoka baadaye, muulizaji akichokonoa. Na muulizaji ni mkubwa wa nyumba, ambaye tangu baba yake afariki alikuwa Khelef.

"Khabari za huko, bin ami?"

"Hakuna khabari, kaka. Salama tu."

"Alhamdulillahi," akasema Khelef, akamgeukia mzee Mahrous, mwenye shamba la mitende. "Ami, mitende ya Al Hamra mwaka huu vipi?"

Mzee Mahrous hajapata kuulizwa swali hilo na mtu aliyetaka jibu. Akafurahi, akaanza na mbolea. Asaad akatoa bahasha, akaiweka gotini. Khelef akamsukumia sahani ya halua. "Kula, bwana mdogo, umekonda." Kila Asaad alipofumbua mdomo, Khelef akamtilia kitu. Na halua ile ilikuwa ya kunata.

Lakini upande wa wanawake kicheko kilikuwa hakikatiki. Huko Tahira hakungojea kuchokonolewa. Mwisho Bi Thuraya, mama yake Khelef, akaja mwenyewe majlisi, akakaa karibu na Asaad.

"Nionyeshe na mimi, mwanangu. Mkeo katuambia, macho bado."

Wanaume wote wakawazunguka. Khelef akabaki na mzee Mahrous, ambaye alikuwa hajamaliza mbolea. Kunyanyuka hakutaka, na kuona hakuona. Alisikia tu mama yake akisema subhanallah, taratibu, neno ambalo kwa Unguja ya mwanawe hakupata kulisema hata siku moja.

Njiani kurudi kwao mjini Ibra, Khelef aliukaba usukani kama shingo ya mtu. Walipofika Bidbid na kuingia barabara ya kwao, akasema, "Picha siku hizi haziaminiki."

Ghanima akajitengeneza mtandio.

"Mchanga wake ukoje?"

"Mchanga gani?"

"Ghanima, usinichezee."

"Mweupe kama unga. Mashua iliwashusha ikaenda zake. Hapana nyayo ila zao. Tahira anasema alikuwa anaona haya kuukanyaga."

"Na maji?"

"Buluu, kisha kijani, kisha hayana rangi."

Khelef akakanyaga mafuta, akalipita lori.

"Na Asaad aliogelea?"

"Asaad na kuogelea wapi? Mtoto wa Nizwa yule, kakulia milimani. Alikaa maji ya magoti siku nzima, kashikilia kanzu isirowe."

"Magoti tu?"

"Magoti tu."

Kwa mara ya kwanza siku ile Khelef akacheka. Kisha akapunguza mwendo, malori yakaanza kuwapita moja moja.

"Haya, anza tena," akasema. "Anza pale walipoteremka mashuani, wala usiruke kitu."