Mzee wangu fundi nguo na masuperhero wenye vitambi

Wakuu, habari za mchana. Hii sijasimuliwa, imetokea sebuleni kwetu Mkuyuni, na mhusika mwenyewe yupo hapa pembeni ananiuliza naandika nini.

Kazi yangu ni mapambo ya karatasi. Nakata masuperhero wa kila aina, wa joho, wa kinyago, wanaoruka juu ya maghorofa, nabandika ukutani kwenye birthday za watoto. Ndugu zangu wanasema ni utoto. Sawa tu, mkono unaenda kinywani.

Mzee ni fundi nguo. Nusu ya wanaume wa kanisani kwetu wanasali na suruali zake.

Mwaka huu akapata stroke, mkono wa kulia ukalala. Hospitali wakamwambia auzoeze wa kushoto, akagoma. Akawa wa kukaa kwenye kochi tu. Siku moja akaniagiza nimtafutie mtu wa kununua cherehani yake.

Jamani, niliumia. Niliona cherehani ikitoka mlangoni, na mzee ndiyo basi tena. Lakini utabishana na baba yako? Nikampata jamaa wa Kirumba, akasema atakuja Jumamosi.

Ijumaa nina oda, nimemwaga makaratasi sebule nzima. Nakata joho, mzee anaguna. Nakata lingine, anaguna tena. Mwisho akasema joho gani hilo, limekaa kama mfuko wa sementi.

Mama alikuwa anachambua mchicha. Bila hata kuinua uso akasema, "Si ulikate wewe, Baba Neema."

Nikajua leo kimenuka.

Mzee akachukua mkasi kwa mkono wa kushoto. Mimi nikamchorea superhero mzima, namshikia karatasi. Ya kwanza ikachanika, ya pili hivyohivyo. Jasho linamtoka, nataka kumpokea mkasi, mama akanikata jicho nitulie.

Akamaliza mmoja. Wakuu, superhero ana kitambi! Mapaja manene, shingo hakuna. Kumbe mstari niliomchorea hakuufuata, kakata nje yake pande zote, kaacha nafasi ya kushonea kama alivyozoea kwenye vitambaa.

Nikamwambia, "Baba, hii karatasi. Haishonwi."

Akaiangalia weee, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika mbavu. Tangu augue hatujawahi kumsikia akicheka. Mama akahamia jikoni na mchicha wake, najua alienda kulia, na mimi machozi yalikuwa karibu.

Akakata na wengine, na wale wa vitambi niliwabandika hivyohivyo kwenye birthday. Watoto waligombania kupiga nao picha.

Nilichojifunza, mgonjwa ukimpa mazoezi anaona unamfanya mtoto. Mpe kazi anayoijua, akukosoe, akugombeze, ataamka mwenyewe. Kama nawe umeuguza mtu wa stroke, tuambie kwenu mlifanyaje, maana safari yetu bado ndefu.

Ah, jamaa wa Kirumba. Alikuja Jumamosi kweli. Mzee akamkaribisha kiti, akamwangalia kiunoni, akamwambia, "Cherehani siuzi. Ila hiyo suruali imekubana, kesho niletee niipanue."