Mbuzi wa Loisi

Enzi za Mjerumani, pale Mvumi, ukitaka kumjua tajiri usingetazama zizi lake. Mzee Ndahani alikuwa na ng'ombe wachache tu nyumbani. Wengine wote aliwatawanya kwa watu, nyumba hii na ile, ugonjwa ukija usiwamalize. Hiyo ndiyo ilikuwa akiba yake ya uzeeni. Aliyemfugia alipata maziwa na samadi. Ng'ombe akifa, alipeleka ngozi ionekane kuwa hakumuuza. Siku ya kurudisha ng'ombe, mfugaji alipewa mtamba wa shukrani. Akipenda mwenye ng'ombe, lakini.

Matonya, mume wa Loisi, alimfugia Ndahani tangu ndevu hazijaota mpaka magoti yakaanza kulia. Ndahani akafa. Wanawe wakaja na fimbo zao, wakaswaga ng'ombe wote. Mtamba? Wapi! Walisema ahadi ya marehemu imekwenda na marehemu. Hawana haya wale. Mwenye nacho akaongezewa, Matonya akabaki na zizi tupu, akawa anakaa mlangoni tu, mikono mapajani, hasemi.

Majirani wakaja kumpa Loisi pole, utadhani kuna msiba. Wakasema ndiyo hivyo tena, ng'ombe wa maskini hazai. Loisi akawacheka. Mwanamke yule hakuwa wa kuchezea. Miaka yote, maziwa yale yale ya ng'ombe wa Ndahani aliyasuka akatoa samli, akawauzia wapagazi wa misafara, na reli ilipofika, samli akaipeleka mpaka Dodoma. Kwa alichopata alinunua mbuzi. Hakumleta nyumbani hata mmoja. Aliwaweka kwa wanawake wasio na kitu, kwa masharti yale yale ya Ndahani.

"Uzee wangu siuombi kwa mtu," akawaambia majirani, akatwaa kamba, akatoka kukusanya.

Nyumba ya kwanza akapewa mbuzi na watoto wao. Ya pili vivyo hivyo. Akawa anatembea kifua mbele. Ya tatu ilikuwa ya Swaumu, mjane aliyetoka Kondoa. Swaumu akamwamkia kwa heshima, akawatoa mbuzi wameshafungwa kamba, wanono kweli kweli.

"Wachukue, mama. Ni wako."

Kisha akakaa mlangoni pake, mikono mapajani, hasemi.

Loisi akaujua ukaaji ule. Alikuwa ameuacha nyumbani kwake asubuhi. Aibu ikamshika mpaka masikio yakawaka moto. Kumbe naye ni Ndahani, tena Ndahani wa mbuzi!

Akamfungua mtamba mmoja, mzuri kuliko wote, akamshikisha Swaumu kamba. Akamwambia ni wake na uzao wake wote, wala asishukuru, maana amemfanyia kazi. Akarudi zile nyumba mbili, akafanya vilevile, na huko nako hakuchagua waliokonda. Roho ilimuuma, tusidanganyane, lakini alikwenda.

Jioni akaingiza waliobaki. Walitosha kuwalisha wazee wawili. Matonya akawatazama, akauliza mbona wachache kuliko alivyojitapa. Loisi akamweleza yote.

"Kila aliyefuga amepata wake," mzee akasema. "Na mimi?"

Loisi akamfungua mtamba mweusi, akampa kamba.

"Samli ilitoka kwa ng'ombe uliowachunga wewe. Huyu ni wako, baba."

Matonya akaishika kamba kwa mikono miwili. Maisha yake yote ya uchungaji hakuwahi kuwa na mnyama wake. Akainuka, magoti yakilia, akaomba shoka akakate miiba ya kuzibia zizi kabla giza halijaingia.